Kata Kifudifudi

Bibi yangu mzaa mama aliuza mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na hakuna mteja aliyewahi kupokea kata ya kibuyu mkononi mwake kabla yeye hajapiga funda la kwanza. Alikunywa mbele ya macho yako, akafuta midomo kwa kiganja, ndipo akakukabidhi. Ukimwuliza kwa nini, alikujibu, "Anayekupa bila kuonja amekuchoka." Na kama pombe ilikuwa imeharibika hakusema neno, maana kumtangaza mpika pombe mbele za watu ni kumvua nguo. Alikunywa funda lake, akaigeuza kata kifudifudi juu ya mtungi. Wateja wakaulizana habari za mbuzi, wakaaga mmoja mmoja, wakaenda zao.

Ndiyo maana asubuhi za Mferejini zilianza na mimi. Jua likishachomoza nilisimama kwenye bomba la kwanza pale kioski, nikakinga kata ya bibi, nikanywa mbele ya msururu wa ndoo, nikafuta midomo. Hapo foleni ikaanza kusogea. Jina langu ni Aikaruwa Teri, mkuu wa maabara wa kampuni ya Kimea, na kwa kuwa kampuni nzima ilikuwa na watu wanne, mkuu wa maabara ndiye aliyekuwa maabara yenyewe. Nilipika, nikapima, nikadeki, nikaonja.

Mji uliitwa Mferejini na mfereji haukuwepo. Mlima ulibaki upara tangu nikiwa msichana, theluji ikawa ya kwenye kalenda za ukutani, na mifereji waliyoichimba babu zetu ikageuka njia za mbuzi. Kitu tulichokuwa nacho kwa wingi kilikuwa uchafu wa vyoo, wa sokoni na wa machinjioni. Kaka yangu Elinami, mtoto wa mama mkubwa, ndiye aliyesema siku moja kwamba watu wanaokufa kwa kiu juu ya vyoo vilivyojaa wanastahili kuchekwa. Basi tukaacha kuchekwa tukaanza kupika.

Tulianzia kwenye mtungi wa bibi. Ndani ya kuta za mtungi wa zamani wa mbege mnaishi vijidudu vilivyozoea kula ndizi na ulezi kizazi hata kizazi. Tulivikwangua, tukavibadilisha vinasaba, tukavifundisha kula kinyesi. Hicho ndicho tulichokiita kimea, kwa heshima ya marehemu bibi, ingawa sina hakika kama angeipokea heshima hiyo. Magari ya vyoo yalimwaga kwenye tangi la kwanza, kimea kikala, na kiliposhiba kikatoa vitu viwili. Juu yalielea mafuta, tukayaengua na kuyauza kwa wenye majiko na waendesha bodaboda. Chini yalibaki maji, yakapita kwenye chujio laini kuliko kitambaa chochote, yakatoka meupe, yana utamu wa mbali kama maji yaliyosuuzia kikombe cha asali.

Watu waliyapenda kupita kiasi. Aliyekwenda Arusha kusalimia ndugu alirudi tumbo limemvuruga, akanywa lita moja akiwa bado na mzigo kichwani, akapona palepale. Mji mzima ukafanya utani wake: "Maji ya Mferejini yana wivu. Ukionja mengine yanakununia." Walioa na kuozesha kwa utani huo. Harusini bwana harusi aliambiwa awe kama maji ya Mferejini, na wazee wakapiga meza kwa kicheko. Nilipiga meza na mimi.

*

Kilichonikata kicheko ni posa ya Singida.

Nilitumwa na ukoo kwenda kumposea mpwa wetu. Siku ya pili nilianguka katikati ya mazungumzo ya mahari, nikidhani ni nyama ya jana. Wenyeji walinipa uji, wakanipa maji ya chumvi na sukari, wakaniita mganga wa zahanati na dripu yake. Tumbo lilikuwa linawaka kama limemwagiwa pilipili, na kila nilichokunywa kilirudi na damu. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na chupa ya maji ya nyumbani iliyobaki nusu, nimeisahau tangu safarini. Niliinywa kwa kuwa ilikuwa karibu na mkono. Kabla chai ya wageni haijachemka nilikuwa nimekaa kitako naulizia kuku. Wenyeji wakamshukuru Mungu, na mimi nikaanza kuogopa.

Niliporudi nilijipima mwenyewe, na usiniulize sampuli niliitoa wapi. Chini ya darubini nilikiona kimea chetu, kimejaa tele, kimetulia kama mwenye nyumba. Chujio letu lilikizuia chenyewe lakini halikuzuia mbegu zake, ambazo tulizipima zamani tukaandika kwamba zimekufa. Zilikuwa zimelala. Zikifika tumboni, penye joto na chakula, zinaamka na kuwafukuza vijidudu vyote tulivyozaliwa navyo. Huko tumboni kimea kinaishi kwa kitu kimoja tu: sukari ambayo tangi kubwa linaitoa kidogokidogo ndani ya maji, ule utamu wa mbali. Mtu akiyanywa kila siku, mambo shwari. Akiyakosa, kimea kinapata njaa, na chenye njaa hakichagui. Kinaanza kumla mwenyeji wake kuanzia ukuta wa utumbo.

Niliwazoesha panya maji yetu, kisha nikawapa dawa za kuua vijidudu. Kimea kikafa, na panya nao wakafa, kwa sababu matumbo yao hayakuwa na kingine cha kushika nafasi. Wengine niliwaachisha taratibu kwa kupunguza maji tone kwa tone, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Hao walikonda, wakalia, ila baadhi wakapona. Kwa binadamu nilikadiria ingechukua miaka, na katika miaka hiyo mtambo usingepaswa kuzima hata wiki moja.

Ndipo nikakumbuka chupa ya chai ya Elinami. Ile ya bati, ya kijani, yenye kifuniko kilichobonyea. Alikuwa mkurugenzi, alisafiri kuliko sisi wote, na hakuna hoteli wala nyumba ya mtu alimowahi kunywa maji ya mwenyeji. Tulimtania kwamba anaogopa kurogwa.

Niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi. Chupa ilikuwa mezani.

"Kaka, humo ndani mna nini?"

"Maji."

"Ya wapi?"

Aliinuka akafunga mlango, akarudi kukaa, akajikuna kidevu kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Keti, Aika."

"Sikai. Umejua tangu lini?"

"Tangu mzee Kaaya wa hapa kwetu alipofia Dar, kwa mwanawe. Walisema ni uzee. Nilikuwa nimelala nyumba hiyohiyo na niliumwa vilevile. Ila mimi niliwahi kurudi nyumbani."

"Ukaniacha nionje kila asubuhi."

"Ulikuwa umeshafungwa, dada. Wote tulikuwa tumeshafungwa. Ningekwambia, ungeacha kuonja. Wewe ukiacha, watu wanaacha kunywa. Wakiacha kunywa, wanakufa. Wewe ndiye mtaalamu, hebu nioneshe nilipokosea."

Nilitafuta pa kumwonesha. Nilitafuta kwa hasira, nikiwa nimesimama, na sikupapata. Hilo ndilo lililonichoma kuliko uongo wenyewe.

"Tuwaambie serikali," nikasema.

"Watakuja na utepe wa njano, watafunga mtambo siku hiyohiyo, na watakuwa na haki. Halafu mji mzima unakunywa nini? Manka anakunywa nini?"

Manka ni binti yangu. Aliliweka jina lake mezani karibu na chupa, polepole, bila ukali wowote.

"Nani hajafungwa na maji?" akaendelea. "Binadamu asipokunywa anakufa, hiyo tumeikuta. Sisi tumebadilisha maji tu."

"Maji ya Mungu hayana mtu anayeshika funguo."

"Basi kayatafute hayo ya Mungu, ukiyapata unichotee." Hakucheka. Alinisogezea kiti kwa mguu, na safari hii nikakaa. "Nisikilize. Mtambo wetu mpya wa kule Magadini ukianza kazi, wafadhili wananipa maabara ya kweli. Watu, vifaa, kila kitu. Utatuachisha sote. Bila Magadini hakuna maabara, na bila maabara unabaki na panya wako. Kwa hiyo twende Magadini, uonje, kama kawaida."

"Ili niwafunge na wao."

"Umewahi kuviona visima vya Magadini?"

Nilikuwa nimeviona. Ni bonde la chini kabisa, walikohamia watu wa milimani mifereji ilipokauka. Maji yao yana madini yanayoingia mifupani. Mtoto anaota meno ya kahawia, kisha miguu inapinda matege, kisha mgongo. Wazee wao wanatembea wakitazama ardhi kana kwamba kila mmoja amedondosha sarafu.

"Nimeviona," nikasema.

"Basi," akasema Elinami, akafungua chupa yake akanywa.

*

Manka alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Mtwara. Asubuhi ya siku ya sherehe ya Magadini nilimkuta chumbani anakunja nguo, sanduku liko wazi kitandani, anaimba. Nami nimebeba madumu mawili ya maji.

"Mama, jamani! Mtwara kuna bahari nzima, wewe unanipakia dumu?"

"Bahari hainywewi."

"Na bomba je? Wanachuo wenzangu watasema nimetoka jangwani." Aliyasukuma madumu kwa mguu huku anacheka. "Au unaogopa yatanionea wivu?"

Nilitaka kucheka ili yaishe. Nilifungua mdomo kabisa, kicheko hakikutoka, na Manka aliponitazama usoni akaacha kukunja. Alikuwa na akili za kuuguza hata kabla hawajamfundisha. Akanikalisha juu ya nguo zake safi na kunishika mkono penye mshipa.

"Mama, unaumwa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mbegu, sukari, panya, chupa ya kijani. Nilieleza kama ninavyoandika ripoti, kwa mpangilio, maana ningeeleza kama mama nisingefika mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza. Kuku walikuwa wanagombana nje dirishani, na nakumbuka niliwachukia kuku wale.

"Dumu moja linatosha muda gani?" akauliza mwishoni.

"Ule utamu unaharibika likikaa. Wiki. Zaidi kidogo ukilihifadhi baridini."

"Na basi la kutoka hapa hadi Mtwara, kila wiki."

"Manka..."

"Nahesabu tu, Mama." Alichukua sketi moja kutoka kwenye sanduku, akaikunjua, akaitundika kwenye msumari. Kisha blauzi. Alizirudisha moja baada ya nyingine ukutani zilipotoka, bila kunung'unika, na mimi nimekaa pale kama mzigo. Ningeshukuru kama angepiga kelele. Sanduku lilipobaki tupu alilifunga vizuri na kulisukumia uvunguni.

Mlangoni akageuka. "Leo utaonja Magadini?"

"Elinami anasema nikionja, tutapata maabara, tutapata tiba. Wewe utakwenda Mtwara."

"Sijauliza anasemaje. Wewe utaonja?"

"Lazima ninywe, mwanangu. Nisipokunywa leo, kesho ninalala."

"Kunywa siyo kuonja," akasema Manka. "Bibi mkuu si ndiye aliyekufundisha?"

*

Magadini walikuwa wametupambia. Turubai lilifungwa mbele ya mtambo mpya, viti vya plastiki vya wageni mbele, wenyeji wamekaa chini nyuma na ndoo zao. Matangi yaling'aa. Nilikuwa nimeyajaza mwenyewe wiki zilizotangulia, nikayapandikiza kimea kutoka kwetu, nikakitazama kikikua. Nitasema ukweli: nilijivunia. Kilikuwa kimea kizuri, chenye afya. Mtu anaweza kuona aibu na fahari kwa kitu kilekile, na aibu haipunguzi fahari hata kidogo.

Elinami alihutubia. Anajua kuhutubia, na alichosema kuhusu miguu ya watoto kilikuwa kweli tupu. Wafadhili walipiga picha. Kijidroni kilizunguka juu kikitupeperushia vumbi, na mheshimiwa mmoja akashika kofia yake muda wote wa hotuba. Wenyeji hawakupiga makofi sana. Walikuwa wananisubiri mimi. Habari za mwonjaji wa Mferejini zilishafika huko, na wengi wao walikuwa watu wa milimani, waliokulia karibu na mitungi kama ya bibi.

"Sasa," akasema Elinami, "dada yangu Aikaruwa, ambaye ndiye aliyeyapika maji haya, atayaonja kwa desturi yetu. Karibu, dada."

Nilikwenda kwenye bomba na kata yangu. Siku hiyo sikupita kioski, nilikuwa sijanywa tangu jana asubuhi, na tumbo lilishaanza kuniuma kwa ndani, kwa adabu, kama mtu anayekohoa ili umwone. Nikafungua maji. Yalitoka meupe. Wanawake wa nyuma walisimama ili waone vizuri, na mbele yao alikuwa ajuza mmoja mgongo umepinda hata ikabidi aniangalie kwa kuinua shingo kando, kama kuku.

Nikanywa. Tumbo likatulia hapohapo, na raha ile ilinitia uchungu machoni. Elinami alikuwa ameshaanza kupiga makofi taratibu ili wengine wafuate.

Sikufuta midomo. Nilipanda ngazi mbili za tangi, nikaiweka kata kifudifudi juu ya mfuniko.

Wageni walipiga makofi. Walishangilia kabisa, mheshimiwa akasahau kofia yake ikapeperuka, wapiga picha wakaniomba niiguse tena kata ile. Elinami alikuwa ameacha kupiga makofi. Mikono yake ilikuwa imebaki hewani, na uso umemsawajika. Alilelewa na bibi yuleyule. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile, akiwaona wateja wakiaga.

Ajuza ndiye aliyeanza. Alimwuliza jirani yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yule mbuzi wake mweupe ameshazaa. Jirani akasema bado, labda mwezi ujao. Ajuza akaokota ndoo yake. Mwingine akakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni. Wanawake waliinuka wawiliwawili, wakanisalimia kwa kichwa, wakaenda na ndoo tupu kuelekea visima vyao. Hakuna aliyegombana. Wageni walidhani ni desturi, kwamba watu huondoka hivyo kisha warudi na nyimbo.

Elinami alinifikia karibu na ngazi. Midomo yake ilikuwa inacheka kwa ajili ya wageni.

"Umeona wanakwenda wapi?"

"Nimeona."

"Wanakwenda kunywa sumu, Aika. Umewarudisha kwenye sumu kwa adabu, kwa mila, huku umeshiba."

Kwa mbali msafara wa ndoo ulikuwa unateremka bondeni, na watoto wenye matege wanakimbia mbele yao kwa ule mwendo wao wa kuyumba. Niliwatazama mpaka ndoo ya mwisho ikapotea machoni.

"Nimewapa walichonyimwa Mferejini," nikasema hatimaye.

"Nini?"

"Kuambiwa."

"Hukuwaambia kitu. Umegeuza kibuyu." Akaondoka kwenda kuwaeleza wafadhili lolote alilolipata kichwani njiani.

*

Mmoja hakuondoka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amekaa palepale chini, mtoto wa miaka kama mitano amemlalia pajani. Wageni walipohamia kwenye chakula alijikongoja hadi kwenye bomba, akaweka ndoo yake chini. Mtoto alimfuata, magoti yameachana kama mtu aliyepanda punda asiyeonekana.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa hatukupishana sana kwa umri.

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri. Mimi ni mama Sifaeli, huyu ndiye Sifaeli mwenyewe." Aliitazama kata juu ya tangi. "Nimekuona ukiigeuza. Nami nimekulia milimani, naelewa. Ila kuna kitu kimenishinda. Pombe ikichacha, bibi zetu walionja kidogo wakageuza. Wewe umemaliza kata nzima."

Kwa hiyo nikamwambia na yeye. Hii ilikuwa mara ya pili kwa siku moja, na nilitumia maneno ya nyumbani, kwa kuwa ya maabara yangemficha ukweli. Nilimwambia kwamba maji haya yataponya mifupa ya mtoto, hayana madini, hayana kipindupindu. Nikamwambia kwamba ukishayanywa hutayaacha. Ukisafiri, utasafiri nayo. Mtambo ukizima, utaumwa, na usipowashwa, utakufa. Nikamwambia kwamba natafuta njia ya kuwaachisha watu, na kwamba sijui kama nitaipata. Nikamwambia nina binti mwenye sanduku uvunguni.

Aliuliza maswali yake. Mtambo unaweza kuzima kwa nini? Nani anashika funguo? Mtoto akinyonya, anapata kupitia maziwa? Nilijibu nilichokijua. Sifaeli alikuwa ameweka kidole kwenye mdomo wa bomba, anasubiri tone.

"Kwa hiyo huku ni kamba, na kule ni kamba," akasema.

"Ndiyo."

"Nawe umetaka tuchague."

"Nimetaka mjue. Kuchagua sijui kama ni neno lenyewe."

Kutoka kwenye turubai ilisikika sauti ya Elinami ikichekesha watu, na vijiko. Kisha yule mama akapiga magoti, akamvuta mwanawe, akapitisha kiganja kwenye mguu wake kuanzia goti hadi kifundo, polepole, kama fundi anayepima ubao uliopinda ajue bado utanyooka au la.

"Huyu bado mifupa yake mibichi," akasema. "Mimi yangu imeshakomaa hivyo ilivyo. Nijazie ya Sifaeli. Mimi nitaendelea na ya kisimani."

"Hutakunywa?"

"Sitakunywa. Nyumba moja haiwezi kufungwa yote, mama. Siku mitambo yenu ikizima, lazima awepo mtu anayeweza kutoka hapa, aende mbali akatafute msaada, bila kuanguka njiani." Akasogeza ndoo chini ya bomba. "Hata binti yako atahitaji mtu kama huyo."

Niligundua kwamba nalia. Nililia wazi, bila kujificha, kwa sababu katika muda wote niliolala macho nikiipima kamba hii sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuikata nyumba yake katikati, akajiweka upande wa sumu, ili upande mwingine uwe na mlango.

Nikaweka mkono kwenye bomba. Akanizuia.

"Onja kwanza," akasema.

Nilipanda ngazi, nikaishusha kata, nikaigeuza uso juu. Nikakinga, nikanywa mbele ya macho yake, nikafuta midomo kwa kiganja. Kisha nikakinga tena na kumkabidhi Sifaeli, ambaye aliishika kwa mikono miwili, akanywa yote bila kupumzika, akasema ni matamu.